Mkanda Nilioukata Bila Kuufumua

Bariadi, nyumbani
Saa tisa alasiri

Mwanangu Minza,

Salamu tulipeana asubuhi na afya yangu unaiona mwenyewe, kwa hiyo naruka yale maneno ambayo barua huanza nayo. Sasa hivi uko uani unafunga sanduku, na shangazi yako Holo amelikalia ili lifungike. Mimi niko stoo, mlango nimeurudisha. Ukichungulia ukaniona nimeinama juu ya gunia la mpunga, usidhani napima mpunga. Naandika.

Habari za sweta, za dawa ya malaria na za kutosahau kanisa, mama yako amezisema, shangazi amezisema, mchungaji naye amezisema mpaka wali ukapoa. Mimi nina jambo moja ambalo hakuna mwingine wa kulisema, kwa sababu hakuna mwingine anayelijua. Mwalimu wako wa sekondari, Mbonea, hakukataa kuja kukuaga. Hakualikwa. Ile bahasha uliyonipa nimpelekee Malampaka, siku niliyokwenda kukukatia tiketi ya treni, nilirudi nayo mfukoni. Nikakuangalia usoni nikakwambia, "Nimefikisha."

Ndiyo maana nimekuomba barua hii uifungue basi likishapita Nyalikungu. Ungeisomea hapa nyumbani ungenigombeza mbele ya shangazi yako, na Holo akipata neno halilali.

Juzi, kwenye chakula cha kukuaga, ulimwekea kiti. Nilikiona. Kile chenye mgongo, tulicho nacho kimoja, ukakiweka karibu na mchungaji na kumkataza kila mtu asikikalie. Nyama ilipogawiwa ukamtengea sahani ukaifunika. Kila gari lililopita barabarani ulinyoosha shingo. Jioni ukasema, "Labda basi limeharibika Maswa." Mama yako akasema labda. Mimi nilikuwa natafuna. Kisha nikakuona unaipeleka sahani ile kwa jirani, umeishika kwa mikono miwili, nikaacha kutafuna.

Ulikuwa wivu, mama. Nakuita mama kwa sababu umebeba jina la mama yangu, naye nisingeweza kumdanganya. Mwanaume wa umri wangu akiwa na wivu huupa jina jingine. Mimi wa kwangu niliuita msimamo, nikautembeza hivyo kwa miaka kumi. Ulikuwa ukirudi likizo, hata viatu hujavua, "Mwalimu Mbonea anasema hivi, Mwalimu Mbonea anasema vile." Nikikaa kula, yuko kwenye ugali. Nikienda shambani kupalilia pamba, namsikia kwenye jembe. Mtu ambaye sikuwahi kula naye alikuwa amejaa nyumbani kwangu kuliko mimi.

Ngoja nikurudishe nyuma, maana wewe unakijua kisa hiki kwa upande wako tu.

Unakumbuka jineri ya ushirika, nilipokuwa fundi mikanda. Injini ilikuwa moja, kubwa, na juu ya vichwa vyetu ilipita shafti, chuma kirefu kinachozunguka, yenye puli, yale magurudumu ya kuvutia mikanda. Kila mashine ya kuchambua pamba ilivutwa na mkanda wake kutoka huko juu. Mkanda ukikatika, mashine inalala, na wakulima nje wanaanza kupiga kelele juu ya marobota yao. Mkanda unachakaa upande unaogusa puli, upande mwingine unabaki mpya bila faida. Fundi wa Kihindi aliyenifundisha kazi alinionyesha dawa yake. Kabla hujazishona ncha mbili, moja uigeuze, juu iwe chini. Nusu mzunguko tu. Mkanda huo ukizunguka, mara hii unagusa puli kwa tumbo, mara ijayo kwa mgongo. Unachakaa sawasawa, unadumu karibu mara mbili.

Ulikuwa mdogo bado, unakuja kiwandani na mama yako, unatembeza kidole juu ya mkanda uliotundikwa ukutani. Unazunguka, unazunguka, unarudi pale ulipoanzia. "Baba, upande wa pili uko wapi?" Nikakujibu, "Hakuna wa pili. Huu una upande mmoja tu." Ulinitazama kama mtu aliyeutengeneza ulimwengu. Siku hizo nilikuwa najua kila kitu, na wewe ulikuwa wangu peke yangu.

Kisha likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wakaingia na mizani zao mpaka Bukundi, pamba ikapita mikononi mwao, na sisi tukabaki na mashine nusu nzima nusu mbovu, tukisubiri vipuri visivyokuja. Mwaka ule ulipoanza wewe kidato cha kwanza wakaja wageni wa kutaka kukikodi kiwanda. Meneja akaniita. "Fundi, mikanda myembamba imekwisha. Huu mpana upasue katikati tupate miwili, tuwashe mashine mbili, wageni waone kwamba tunafanya kazi."

Mtu mwenye akili angefumua mshono kwanza, akaulaza mkanda chini, akaupasua, kisha akashona upya. Lakini ule mshono niliushona mimi, ulinichukua siku nzima, na sikuwahi kushona mwingine mzuri kama ule. Wageni walikuwa wamesimama na kalamu zao. Nikasema hakuna haja ya kufumua. Nikachoma kisu katikati ya upana, nikazunguka nao taratibu, mstari umenyooka kama rula, najisikia fundi kwelikweli. Kisu kikafika pale kilipoanzia. Nikangoja mikanda miwili ianguke.

Ukaanguka mmoja. Mmoja, mrefu mara mbili, mwembamba, umejisokota miguuni pangu. Haufai kwenye mashine yoyote.

Mgeni mmoja akasema, "Fundi, umetuzalia chatu!" Kiwanda kizima kikacheka, mpaka wabeba marobota. Na wewe ulikuwa umesimama mlangoni na sufuria ya ugali na dagaa, ulikuwa likizo ya Juni. Hukucheka. Ungecheka ingekuwa nafuu. Ulikuja mbio, macho yanang'aa, ukapiga magoti juu ya ule mkanda ukasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Baba! Na usipokata katikati? Ukikata theluthi, karibu na ukingo, itakuwaje?"

Wakacheka tena. Nikakwambia, "Toka hapa, nenda kwa mama yako. Hapa ni kazini." Sufuria ukaiweka chini ukaondoka. Sikula.

Wiki chache baadaye yalisomwa majina ya watakaobaki na jina langu halikuwamo. Miaka mingi nilisema kicheko kile ndicho kilichonitoa kazini. Uongo. Mashine mpya zilikuja kila moja na mota yake chini ya tumbo, hazikuwa na haja ya mkanda wala ya mtu wa mkanda. Lakini aliyeumia humlaumu aliye karibu, na aliyekuwa karibu ni wewe.

Sasa nifike kwenye lile la karatasi, ambalo sijawahi kulisema hata kwa mama yako.

Ulirudi kutoka shule siku ya Ijumaa kwa ruhusa, na pete za karatasi kwenye mfuko wa sare. Ulizigundisha mwenyewe, ukazikata. Mama yako alikuwa anapika. Ukachuchumaa mbele yangu, "Baba, angalia, nimeelewa! Angalia hii, hii ndiyo ya kwako, na hii ndiyo ya theluthi." Mimi sikuangalia. Niliuliza tu, "Nani amekuonyesha?" Ukasema, "Nilikuwa kwa Mwalimu Mbonea."

Nikazichukua mkononi mwako nikazitupa mafigani.

Uliziangalia zikiungua mpaka mwisho. Hukulia. Ukainuka ukaenda kuchota maji. Tangu siku ile hukuniletea kitu kingine cha kuangalia. Ripoti za shule uliniletea, kwa sababu zilitaka sahihi.

Nilichokiona mimi pale ni mwanaume mwingine mwenye kola nyeupe amechukua aibu yangu, akaifanya somo, na binti yangu akalipenda somo hilo. Mkanda ni wangu. Nusu mzunguko ni wangu. Yeye hajawahi kushika sindano ya mkanda maisha yake yote, lakini ndiye aliyekuwa anajua. Na nikwambie jingine, maana nimeshaanza. Nilikuonea wivu na wewe. Mimi niliishia darasa la nne. La tano lilikuwa la bweni, akaenda mdogo wangu kwa sababu mimi nilijua ng'ombe kuliko yeye. Kila ulipopanda darasa nilifurahi mchana, halafu nikiwa peke yangu nikahesabu ni madarasa mangapi umenipita. Baba mzima anashindana na mtoto aliyemzaa! Umewahi kusikia upuuzi wa namna hiyo?

Wiki iliyopita shangazi yako alikuuliza unakwenda kusoma nini huko Ulaya, kwamba fizikia gani isiyokwisha tangu Dar es Salaam. Mlikuwa mnachambua maharage. Mimi nilikuwa nyuma ya stoo naziba pancha, na nilisikia kila neno.

Ulisema watu wamezoea kwamba maada ina hali zake, barafu, maji, mvuke, na unazitofautisha kwa namna chembe zake zilivyojipanga. Lakini zimeonekana hali nyingine ambazo ukitazama mpangilio huoni tofauti yoyote. Tofauti yake ni msokoto uliofichika ndani, na msokoto huo unahesabika: sufuri, moja, mbili. Hakuna moja na robo. Ukasema elektroni zikibanwa kwenye tabaka jembamba sana, zikapozwa kuliko barafu yoyote, zikawekewa sumaku kali, kuna kipimo cha umeme kinachopanda kwa ngazi, ngazi moja, ngazi ya pili, na kila ngazi imenyooka. Hata tabaka likiwa na uchafu kidogo, ngazi haziyumbi.

Holo akasema, "Uchafu usipoharibu kitu, hicho kitu si cha dunia hii."

Ukacheka. Ukamwambia, "Shangazi, uchafu unaweza kukunja, unaweza kuvuta. Lakini huwezi kuuondoa msokoto kwa kukunja na kuvuta. Mpaka ukate."

Nikaacha pancha. Mimi nalijua hilo! Nimelijua kwa mikono miaka ishirini. Mkanda ulioshonwa na nusu mzunguko, uuvute, uupige nyundo, upake mafuta, uulowanishe, nusu mzunguko wake uko palepale. Na robo huwezi kushona, kwa sababu ncha hazitalala pamoja. Nilitaka kuingia uani na gurudumu mkononi nikaseme hayo. Nikasimama pale pale kama mtu anayedoea harusi ya mwanawe.

Mama yako akauliza umeme huo unapita wapi. Ukamwambia achukulie boma la ndama, kila ndama amefungwa kwenye kigingi chake. Wa katikati wanazunguka kigingi mchana kutwa, hawafiki popote. Wa ukingoni hawawezi kumaliza mzunguko, wanagonga uzio, wanaruka hatua mbele, wanagonga tena, wanaruka tena, basi hao ndio wanaosafiri, wote upande mmoja. Wakikuta jiwe wanalizunguka na kuendelea. "Kwa hiyo katikati umeme haupiti," ukasema, "unapita ukingoni tu."

"Ndama wa kwenu wana akili kuliko wa kwetu," akasema Holo, na maharage yakaendelea.

Ulieleza vizuri, Minza. Umesoma kote huko na bado umeeleza kwa ndama. Niliwaonea wivu wale wanawake wawili na ungo wao. Mama yako hajui mkanda wala puli, lakini ndiye uliyemweleza, kwa sababu yeye hajawahi kuchoma kitu chako.

Baada ya ile sahani ya juzi sikuweza kuvumilia. Jana nilipowaambia nakwenda kuulizia mzigo wako stesheni, nilikwenda kwa Mwalimu Mbonea. Anakaa nyuma ya stesheni, nyumba yenye mlango wa bluu, amestaafu, anafuga kuku. Nilipanga njia nzima maneno ya kumwambia. Nikampa bahasha yako. Akavaa miwani akasoma, akanitazama.

"Mwangaluka, mzee," akasema, salamu yetu Wasukuma ya asubuhi, ingawa yeye ni Mpare na jua lilikuwa utosini. "Sherehe imeshapita?"

"Imeshapita. Barua nilikuwa nayo. Niliificha."

Akanisogezea kigoda. Nikamwambia yote, mkanda, chatu, mafiga, mpaka wivu nikautaja kwa jina lake. Kuku wanapita katikati ya miguu yetu. Nilipomaliza akakuna kichwa akaniuliza, "Mkanda gani, mzee?"

Hakumbuki, Minza! Miaka kumi namchukia mtu, na yeye hakumbuki.

Tukasaidiana kukumbuka. Mwisho akasema, "Aah, siku ile ya mkasi. Alikuja nyumbani anauliza kama nina karatasi ngumu. Nikampa karatasi, mkasi na gundi, nikamwachia meza. Mimi nilikuwa na madaftari ya kidato cha nne ya kusahihisha."

"Hukumweleza chochote?"

"Nimweleze nini? Sikujua mwenyewe. Alipomaliza akanionyesha, nikashangaa. Nikamuuliza amelipata wapi swali hilo. Akasema kwa baba yake."

Nilirudi na basi la mchana nimekaa dirishani. Alikupa gundi. Basi. Alikupa gundi na nafasi mezani, akakuacha. Mimi nilikuwa na mkanda wenyewe, kisu, ukuta mzima wa mikanda, na swali lako lilinijia mimi kwanza, mbele ya kiwanda kizima, nikalifukuza pamoja na sufuria. Yeye hakunichukulia kitu. Nilikitupa mwenyewe, akakiokota mtoto, akaenda kutafuta meza.

Huko uendako sijui watu wake wala mambo yake, kwa hiyo sina la kukufundisha. Ninalolijua ni la kwangu tu. Siku nilipoumbuka nilitazama nyuso za waliocheka, sikuutazama ule mkanda. Wewe uliutazama mkanda. Utaumbuka na wewe siku moja, mbele ya watu wenye kalamu, kila fundi huumbuka. Ikitokea, kumbuka yule msichana aliyepiga magoti, usimkumbuke baba yake.

Nilikwambia wakati ule kwamba ule mkanda mrefu ulichomwa kiwandani. Hilo nalo si kweli. Niliomba niondoke nao, wakanipa, nani angeutaka? Umekaa chini ya gunia hili la mpunga ninaloandikia, umejikunja kama nilivyouacha. Asubuhi ya leo nilikata kipande chake, urefu wa mkono, nikageuza ncha moja juu chini, nikashona. Macho yamechoka, mshono haufanani na ule wa zamani, usiutazame sana. Nimeufunga kwenye khanga ya bibi yako, uko ndani ya kikapu cha njugu. Usimpe mtu kikapu hicho akushikie.

Utaona nimechora mstari wa chaki juu yake, si katikati, bali kwenye theluthi, karibu na ukingo, kama ulivyoniuliza. Nilipouchora, chaki ilizunguka mara mbili, ikapita tumbo na mgongo, kabla ya kukutana na ilipoanzia, na mkono sikuuinua. Hilo tu ndilo nililoliona. Sijaukata.

Mwalimu Mbonea atakuwa stesheni mapema, amesema hawezi kukukosa. Nilikuwa nimepanga nikusindikize mpaka Malampaka, niwe mtu wa mwisho kukupungia mkono treni ikiondoka. Nilikuwa nimeshaazima hata koti. Nafasi hiyo nimemwachia yeye, na sitakudanganya kwamba nimeiachia kwa moyo mweupe. Mimi nitakuaga hapa Bariadi, kwenye mlango wa basi, pamoja na mama yako na huyo Holo. Ukimkuta Mwalimu, mpe heshima yake, maana anastahili, kisha mwambie sahani yake aliila jirani.

Jana nilipokuwa naondoka kwake alinifuata mpaka kwenye uzio wa kuku. "Mzee, ile ya theluthi, nikwambie inavyokuwa?" Nikaziba masikio kwa mikono yote miwili kama mtoto. Akacheka sana. Na acheke. Nimengoja miaka kumi bila kujua kwamba nangoja, nitangoja mingine. Ukirudi, njoo na huo mkanda. Tutakaa uani, mimi nitaushika, kisu utashika wewe, na usiniambie kitu mpaka uanguke.

Ni mimi baba yako, ambaye hajui jibu.